Admini, Ulijua Lini?

Kijana aliyeingia ofisini mwangu Jumatatu moja alikuwa ametoka Kanyakine kwa matatu, simu mkononi, na kabla hajaketi alikuwa ameshaanza kujitetea. "Wakili, mimi sikuandika kitu." Alisema kweli. Anaendesha kundi la Facebook ambako watu huuziana ndizi, mbuzi, ploti na uvumi, na Ijumaa iliyotangulia mtu mwenye jina bandia alikuwa ameposti kwamba bucha fulani sokoni inauza nyama ya punda. Mwenye bucha alimtumia ujumbe wa WhatsApp jioni hiyohiyo, akimwomba kwa upole aiondoe. Kijana aliusoma, akaendelea na shughuli zake, na posti akaifuta Jumapili baada ya kanisa. Sasa alikuwa na barua ya madai kutoka kwa wakili wa mwenye bucha. Kiambatisho cha kwanza cha barua hiyo hakikuwa ile posti. Kilikuwa picha ya skrini ya ule ujumbe wa kuomba, wenye alama mbili za buluu, na chini yake wakati uliposomwa: Ijumaa, saa moja na dakika kumi na nne usiku.

Nimebadilisha mambo mawili matatu ili mtu asitambulike. Alama za buluu sikuzigusa, kwa kuwa ndizo kesi yenyewe.

Msimamo wangu ni huu. Sheria za maudhui ya mitandaoni ambazo Kenya imekuwa ikizitunga tangu 2018, pamoja na marekebisho ya 2025, zilitungwa macho yakiwa kwa Facebook na TikTok, lakini mkono wake unamfikia kwanza mtu wa Kanyakine mwenye simu moja na bando la wiki. Mtu huyo akiogopa hunyamaza au hufunga kundi, na yote mawili ni hasara bure. Mara nyingi korti haitahangaika sana kumwuliza kama ni yeye aliyeandika. Itamwuliza alijua lini, na alipojua alifanya nini. Mwenye majibu ya maswali hayo mawili kwa maandishi, yenye tarehe na saa, ameshavuka sehemu ngumu zaidi ya mto.

Kanuni hii ina umri mkubwa kuliko intaneti. Mwaka 1937 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Byrne na Deane. Klabu moja ya gofu ilikuwa na mashine haramu za kamari, mtu akawapasha polisi habari, na muda si mrefu pakabandikwa ukutani shairi la kumsema mwanachama mmoja kwa fumbo kwamba ndiye aliyetoboa siri. Wenye klabu hawakuliandika. Waliliona, walikuwa na uwezo wa kulibandua, wakaliacha. Majaji wengi walikubaliana kwamba kwa kuliacha pale walishiriki kulichapisha. Mlalamishi alishindwa kwa sababu nyingine: kumwambia polisi kuhusu uhalifu si jambo la kumshushia mtu heshima mbele ya watu wema. Uamuzi huo hauifungi mahakama yetu, lakini hoja yake ni rahisi kuelewa kwa yeyote anayeujua ubao wa matangazo nje ya kiwanda cha kahawa. Karani hahukumiwi kwa kila karatasi inayobandikwa usiku. Ila akipita asubuhi, akaisoma, akacheka na kwenda zake, mambo yanabadilika.

Sheria yetu ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 ina wazo hilohilo katika kifungu cha 56. Mtoaji huduma hawajibiki, kwa jinai wala kwa madai, mpaka ithibitishwe kwamba alipewa taarifa, au alijua, au alikusudia kwa nia mbaya. Kukosa kuchukua hatua peke yake hakutoshi. Hiyo ni ngao nzuri. Taabu ni kujua nani anaruhusiwa kuishika. Sheria inamweleza mtoaji huduma kuwa ni taasisi, ya umma au ya kibinafsi, inayowapa watumiaji njia ya kuwasiliana kwa mfumo wa kompyuta. Meta, mmiliki wa Facebook na WhatsApp, inaingia hapo bila kubisha hodi. Je, kijana wa Kanyakine, ambaye hana seva wala kampuni, naye ni taasisi? Ningekuwa namtetea ningesema ndiyo, na ningekuwa upande wa pili ningesema hapana, na hapo ndipo penye kasoro. Kampuni yenye mawakili mia ina ngao iliyoandikwa. Admini ana hoja ya kubahatisha.

Ng'ambo nako hawajakubaliana. Septemba 2021 Mahakama Kuu ya Australia, katika kesi ya Voller, ilisema vyombo vya habari vyenye kurasa za Facebook ni wachapishaji wa maoni yanayoandikwa na wasomaji chini ya habari zao. Februari 2022 Mahakama Kuu ya Kerala, India, ikamwondolea lawama admini wa WhatsApp, kwa hoja kwamba uwezo wake ni kuongeza na kutoa watu tu, na hana namna ya kuchuja kinachoandikwa. Waadmini wengi hapa Kenya hutumiana uamuzi huo wa Kerala kama hirizi. Lakini mwaka huohuo WhatsApp ilianza kuwapa waadmini kitufe cha kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote. Msingi wa ile hoja ukaondoka, na simu nyingi zilizofowadi ile hukumu zina hicho kitufe.

Sasa tuje kwenye marekebisho ya ile sheria ya 2018. Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Marekebisho Oktoba 15, 2025, siku ambayo taifa liliamkia habari za kifo cha Raila Odinga nchini India, kwa hiyo wengi waliisikia baadaye, tena nusunusu. Mambo mawili yanamhusu mwendesha kurasa. La kwanza: ile kamati ya kitaifa ya kuratibu masuala ya uhalifu wa mtandaoni, maarufu NC4, imepewa uwezo wa kuagiza tovuti au programu isifikiwe pale inapothibitishwa kwamba inaendeleza shughuli haramu, maudhui ya ngono yanayohusu watoto, ugaidi, au itikadi kali za kidini na madhehebu potovu. Baada ya vifo vya waumini kule Shakahola, hakuna Mkenya anayehitaji kuelezwa kwa nini hayo ya mwisho yamo. Ninachouliza ni hiki: inathibitishwa mbele ya nani? Neno "inapothibitishwa" bila jina la hakimu ni mlango usio na komeo. Na "shughuli haramu" ni gunia pana; kuuza chang'aa ni haramu, na hata kuendesha biashara bila leseni ya kaunti ni haramu.

La pili ni kifungu cha 27, cha unyanyasaji wa mtandaoni, chenye adhabu ya faini hadi shilingi milioni 20 au kifungo hadi miaka 10. Marekebisho yaliongeza mawasiliano yanayoweza kumfanya mtu ajiue. Lengo ni jema. Nimeketi na wazazi waliozika. Lakini kosa linalopimwa kwa namna mtu mwingine anavyoweza kuathirika humfanya mwandishi ashindwe kujua alipovuka mstari. Oktoba 22, 2025, wiki moja tu baada ya saini, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alisimamisha kwa muda sehemu za kifungu hicho, kufuatia kesi ya mwanamuziki na mwanaharakati Reuben Kigame na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya.

Hapo ndipo lilipoanza kosa la kwanza la kuelewa vibaya. Ndani ya siku mbili nilikuwa nimeletewa kwenye simu, mara nne, ujumbe usemao "sheria ya mtandao imefutwa, andikeni mnavyotaka". Haikufutwa. Vilivyosimamishwa ni vijifungu vya kifungu kimoja, kwa amri ya muda. Amri hiyo haikugusa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, ambayo kifungu chake cha 13 kinaadhibu matamshi ya chuki kwa faini hadi shilingi milioni 1 au kifungo hadi miaka 3. Haikugusa pia kesi za madai za kuharibiana jina. Jinai ya kuharibu jina ndiyo iliyoondoka, pale Jaji John Mativo alipofuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu mwaka 2017. Watu wengi wanajua kuhusu uamuzi huo lakini hawajui kwamba mlango wa fidia haukuwahi kufungwa.

Kosa la pili ni kinyume chake: kwamba serikali inamtaka kila admini achukue leseni na aweke orodha ya wanachama. Hilo lilikuwa pendekezo katika mswada wa 2019 wa Malulu Injendi, aliyekuwa mbunge wa Malava, na halikuwa sheria. Kilichopo ni miongozo ya 2017 ya Mamlaka ya Mawasiliano na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC), iliyotolewa kabla ya uchaguzi, inayomtwika msimamizi wa jukwaa jukumu la kuratibu na kudhibiti mijadala. Anayetaka kuona leseni hufanya nini aangalie ng'ambo ya mpaka. Juni 2018 JamiiForums, jukwaa kubwa la Watanzania, lilizima mitambo kwa muda kwa sababu ya kanuni mpya za maudhui zilizodai leseni yenye ada za mamilioni ya shilingi za Tanzania. Kama jukwaa lile, lenye jina na wakili, lilitikisika, kundi la wauza ndizi lingesalimika vipi?

La tatu nalisikia kila wiki: "Mimi nilifowadi tu, niliandika 'kama ilivyopokelewa'." Katika sheria ya kuharibiana jina, anayerudia uvumi ameuchapisha upya. Yale maneno mawili yanaonyesha tu kwamba ulikuwa na shaka, ukautuma hivyohivyo. Ningekuwa wakili wa mlalamishi, ningeyapigia mstari. Tofauti ipo kati ya kueneza na kuripoti, ndiyo. Januari 2022 aliyekuwa seneta wetu wa Meru, Mithika Linturi, alikamatwa baada ya kutamka "madoadoa" jukwaani Eldoret. Video ile ilirushwa kila mahali. Mwandishi aliyeirusha akaeleza nini kilitokea na kwa nini neno hilo linabeba damu ya 2007 na 2008 alikuwa akifanya kazi yake. Aliyeirusha akiongeza vidole viwili vya pongezi alikuwa na shughuli nyingine kabisa.

Na la nne: kwamba kufuta ni kukiri. Nimeona watu wakiacha posti mbaya kwa kiburi, wakihofia kuonekana wameshindwa. Kufuta mara tu baada ya kuarifiwa ndiko kunakokukinga. Piga picha ya skrini kwanza, ikionyesha anwani, tarehe na jina la aliyeposti, kisha ufute. Picha hizo zitahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi zikifika kortini, kwa hiyo usizihariri wala kuzichorea mishale myekundu.

Kuna jambo ambalo kampuni kubwa haziwezi kumfanyia mtu wa Kanyakine hata zikitaka. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook kwa kuipelekea matangazo yenye matamshi ya chuki. Ya Kiingereza yalikataliwa mwanzoni, yakapita baada ya kurekebishwa kidogo. Ya Kiswahili yalipita bila kusumbuliwa. NCIC iliipa kampuni siku saba ijirekebishe, mawaziri wakasema haitafungwa, na uchaguzi ukaja. Ikiwa Kiswahili, lugha inayozungumzwa na mamilioni kwa mamilioni, kinapita kizuizini hivyo, Kimenti, lahaja yetu ya Kimeru, kina nafasi gani? Tusi la Kimeru kuhusu tohara halina haja ya kutaja kabila. Linataja kisu tu, na msikilizaji anajua linamlenga nani. Mashine ya California italiona kuwa neno la kawaida. Aliye na masikio ya kulisikia ni admini aliyekulia Abogeta. Kwa hiyo ninapomtetea asibebeshwe mzigo wa Meta, simaanishi kazi yake ni ndogo.

Nayo kazi hiyo ina hatari ambayo haimo vitabuni. Desemba 2023 Daniel Muthiani, mwanablogu wa Meru aliyejulikana kama Sniper, alitoweka, na mwili wake ukapatikana katika Mto Mutonga, Tharaka Nithi. Sababu na wahusika ni mambo ya korti, siyo ya safu hii. Nasema tu kwamba tangu wakati huo, waendesha kurasa wanaokuja kwangu hawaniulizi kwanza kuhusu faini. Wananiuliza kama ni salama kumjibu mtu aliyepiga simu usiku kulalamika. Jibu langu ni kwamba malalamiko yapewe njia ya maandishi inayojulikana na kila mwanachama. Mtu aliyekasirika akipata pa kuandikia na akajibiwa, hasira yake hupata pa kwenda.

Niseme basi jinsi ya kufanya, kama nilivyomwambia kijana yule. Kundi liwe na maelezo mafupi ya kanuni, kwa Kiswahili na Kimeru, yakitaja namba moja ya malalamiko. Waadmini wawe wawili au watatu, ili mmoja akiwa shambani mwingine aone. Kila lalamiko liandikwe kwenye daftari: limekuja lini, linahusu nini, tumefanya nini, kwa sababu gani. Muda wa kujibu uwe siku moja; hakuna sheria ya jumla inayoutaja, lakini ni rahisi kuutetea. Lalamiko likiwa la kupinga maoni tu, mathalani mheshimiwa amechukia kuulizwa barabara imeenda wapi, liandikwe vilevile, na posti ibaki. Sababu ikiandikwa siku hiyohiyo ina uzito zaidi kuliko ile inayotungwa mwaka mmoja baadaye kizimbani. Kuhusu muda, mwenye dai la kuharibiwa jina kwa maandishi ana miezi 12 ya kufungua kesi, kwa hiyo daftari lisitupwe mapema.

Hapa kuna mtego ambao hata mawakili wenzangu huupita. Wengi hushauri admini awashe mpangilio wa kuidhinisha kila posti kabla haijaonekana. Unavutia, ila ukishaidhinisha kila kitu huwezi tena kusema hukujua. Umekuwa mhariri, na alama ya buluu inaanzia dakika ile uliyobonyeza. Mimi husema uidhinishaji utumike kwa wanachama wapya, na kwa kila mtu wiki za uchaguzi, na yeyote anayeuwasha asome kwa makini anachoidhinisha.

Picha za watoto nazo ziko katika fungu lake. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza shule ya Roma shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na ukumbi wa burudani wa Casa Vera shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule zetu hupenda kuonyesha wanafunzi siku ya matokeo. Fomu ya ukurasa mmoja, iliyosainiwa na mzazi muhula wa kwanza, inamaliza jambo hilo.

Wabunge nao wana deni. Mfano wa kuiga tunao hapa nyumbani: Sheria ya Hakimiliki, kama ilivyorekebishwa 2019, inaeleza notisi ya kuondoa kazi iliyoibwa iandikwe vipi, inampa mtoa huduma saa 48 za kazi, inamruhusu aliyeposti ajitetee kwa notisi yake, na anayetuma notisi ya uongo naye ana kosa. Sioni kwa nini wimbo ulioibwa uwe na utaratibu mzuri hivyo na jina la mtu lililochafuliwa likose. Utaratibu huo upanuliwe, umtaje admini kwa jina lake, na kifungu cha 56 kimfunike waziwazi. Na amri ya kufunga tovuti itolewe na hakimu, kwa muda maalum, sababu zikiwa zimechapishwa. Nairobi ina majaji wa kusikiliza ombi la dharura.

Kesi ya nyama ya punda iliisha bila kufika Nkubu kortini. Kijana aliomba radhi kwenye kundi, akaibandika juu kwa siku 14, na akalipa gharama za wakili wa upande wa pili kwa awamu tatu. Mwenye bucha bado anauza, na bado ni mwanachama. Juzi kijana alinipigia tena. Kuna mtu anataka kumlipa atumie kundi kumfanyia kampeni za 2027. Nikamwambia kwamba biashara yenye mapato chini ya shilingi milioni 5 na wafanyakazi chini ya 10 kwa kawaida haihitaji kujisajili kwa Kamishna wa Data, ila anayetafutia watu kura kwa kutumia taarifa zao za kibinafsi lazima asajiliwe, awe mdogo namna gani. Akanyamaza kidogo. "Wakili," akasema, "na hiyo nayo niandike kwenye daftari?"